Mtahiniwa Mmoja wa Fizikia

Matisi, Kitale
16 Februari 2025

Kwa shangazi yangu, Tata Nyaruai,

Pokea salamu za kila mtu hapa nyumbani, pamoja na paka, ambaye siku hizi analala juu ya magunia ya unga na Baba amekata tamaa ya kumfukuza. Mama anasema mgongo umepunguza kumsumbua tangu aache kuinua madebe. Baba yuko kwenye mashine ya kusaga kutwa kucha, na hata akija mezani anaongea kwa sauti kama vile sote ni viziwi. Unajua mwenyewe ndugu yako alivyo.

Khaemba wa kabeji, akija kuuza huko Bungoma, atakupa barua hii pamoja na pakiti ya unga. Usiupike huo unga kabla hujatoa kilicho ndani. Ni simu yangu. Naomba uniwekee mpaka Novemba, mtihani ukiisha, na usinirudishie hata nikikulilia. Nikiifungua kutafuta somo la sumaku, nashtukia niko kwenye harusi ya mtu nisiyemjua huko Meru, na jioni imekwisha. Kwa hiyo kuanzia leo mimi na wewe ni watu wa barua, na Khaemba ndiye posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wetu wa Fizikia alipata uhamisho shule zilipofunguliwa, na shule yetu ya kutwa haijapata mwingine. Wenzangu wa kidato cha nne waliolisoma walikuwa wachache tu, na wote wameliacha, wamebaki na yale mengine saba. Mimi nimekataa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Nduta, mtahiniwa mmoja asiye na mwalimu atatuangushia wastani wa shule." Nikamwambia nitajifundisha. Akaniangalia sana, kisha akaandika jina langu. "Haya, ujifundishe. Lakini usinijie hapa ukilia." Unajua nataka uhandisi wa umeme, Tata. Bila Fizikia mlango huo haufunguki, hata nibishe namna gani.

Baba amefurahi kupita kiasi. Anawaambia wateja kwamba damu ya mama yake, Cucu Nduta, imeamka. Kila jioni ananisimulia ule mwaka Cucu alipopalilia shamba lote la huko Kwanza peke yake, bila kibarua hata mmoja, mpaka wanaume wakaona haya. "Mama hakuwahi kulala mchana," anasema. Basi mimi niliyepewa jina lake nitalalaje? Wewe ndiye dada yake mkubwa, mwaka huo ulikuwa na akili zako, na Baba alikuwa kitoto. Cucu aliwezaje? Niambie nimuige.

Mtoto wako,
Nduta


Bungoma
2 Machi 2025

Mama yangu Nduta,

Tangu uzaliwe sijakuita jina lingine na sitaanza leo. Una jina la mama yangu, na kwetu jina likirudi, mwenyewe amerudi. Ndiyo maana nashindwa hata kukukaripia vizuri.

Simu imefika. Ilianza kulia ndani ya unga Khaemba akiwa bado mlangoni, akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. "Mama, unga yako inaria bana." Nimeizima, nimeifuta, nimeiweka kwenye droo ya cherehani, mahali ambapo hata mume wangu haruhusiwi kugusa.

Sisi huku tuko salama. Kazi ni nyingi, kwa sababu watoto wa watu wamerefuka likizoni na akina mama wanataka sketi zirefuke bila kitambaa kuongezwa. Kila anayekuja kupimwa sweta namwambia nina mtoto Kitale anayejifundisha Fizikia. Mzee mmoja wa bodaboda akaniuliza hiyo Fizikia ni nini. Nikamwambia ni somo la watu wenye akili, akatikisa kichwa kwa heshima. Ukweli ni kwamba hata mimi siijui, lakini nilivyolisema neno lile ungedhani ni langu.

Nikuambie bila kuzunguka: najivunia wewe. Kukataa kuacha kitu wakati kila mtu amekiacha si jambo la kawaida kwa mtu wa umri wako, wala wa umri wangu.

Sasa sikiliza. Kuna shule hapa ambayo huwa naishonea makoti meupe ya maabara. Mtu anayetunza maabara hiyo anaitwa Wekoye. Nilipomweleza habari zako alisema kusoma vitabu hakutoshi, kuna karatasi nzima ya kufanya kwa mikono. Je, una vyombo? Niandikie.

Kuhusu Cucu yako, baba yako ameshasema. Alikuwa mtu wa kazi. Kula vizuri. Nimekutumia njugu, usimpe paka.

Wako,
Tata Nyaruai


Matisi, Kitale
20 Aprili 2025

Mpendwa Tata,

Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani, tumekula chapati, na Mama amelala kitini na miwani usoni. Njugu zilikwisha siku ileile. Asante.

Imenibidi nikuandikie kabla sijapasuka. Nilichukua sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikafungua mota ya zamani ya Baba iliyoungua, nikatoa waya wa shaba na kuuzungusha kwenye kipande cha bomba. Shuleni waliniazima ile mita yenye sindano ndogo. Kitabu kinasema ukisogeza sumaku ndani ya waya, umeme unazaliwa. Nimesoma sentensi hiyo mpaka imechoka. Jumanne nikasogeza sumaku, na sindano ikacheza. Nikasimamisha mkono, nayo ikasimama. Nikavuta, ikacheza kwa upande wa pili. Hakuna betri, Tata, hakuna chochote, ni mkono wangu tu. Nililia pale kwenye mlango wa stoo kama mjinga.

Baba akamwita mzee Kipngetich, mteja wetu wa kutoka mlimani, aje aone. Wakashangilia kwa Kisabaot chao mpaka nikawa mgeni kwenye jaribio langu mwenyewe. Nilimuuliza Baba alikijifunza wapi, akasema, "Utotoni tu." Kisha akanigeukia: "Unaona? Cucu yako naye hakuwa na mwalimu."

Kwa hiyo nimeongeza saa za kusoma. Nimegundua mtu anaweza kulala kidogo sana na bado akatembea. Kuna siku moyo unanipiga mbio nikiwa nimekaa tu, lakini hupita. Niko sawa.

Hukunijibu juu ya Cucu. Msimu ule wa palizi alikuwa anaamka wakati gani? Alikuwa anapumzika wapi? Baba hajui, anasema hakuwepo, alikuwa amepelekwa mahali kucheza. Wewe ulikuwepo.

Wako,
Nduta


Bungoma
11 Mei 2025

Mama yangu,

Mvua imetunyeshea vizuri na barabara ya kwetu imekuwa uji. Mume wangu ana mafua, na unajua mwanamume akipata mafua nyumba nzima inaugua.

Barua yako ya sumaku nimeisoma mara nyingi. Niliisoma kwa sauti hapa dukani, nikafika pale sindano inapocheza, na mteja mmoja akaacha kubishana nami juu ya zipu. Wekoye naye nilimpa aisome. Akasema, "Huyu hajasoma, huyu ameona." Nikamwambia airudie ili nisisahau.

Lakini Khaemba ameniambia kitu kingine. Anasema siku hizi umefunga kitambaa kichwani, hata ukiwa jikoni, hata ukiwa unafua juani. "Nimemuuliza, akasema ati ni balidi. Balidi gani Kitale mchana, Mama? Na amekonda bana." Niambie ukweli: una nini kichwani?

Nimempigia baba yako. Amesema uko imara kama Mama, na kwamba nikikusumbua nitakuharibia. Sikubishana naye kwenye simu.

Juu ya Cucu, tafadhali tuache. Alikuwa Cucu, wewe ni wewe. Lala.

Wako,
Tata


Matisi, Kitale
15 Juni 2025

Kwa Tata,

Sisi sote ni wazima. Mama anakusalimu. Mahindi ya kule Kwanza yamefika magotini.

Samahani kwa kukawia. Nasoma mionzi ya X sasa. Mtihani wa majaribio ni mwezi ujao.

Baridi imezidi.

Nduta


Bungoma
29 Juni 2025

Mama,

Hiyo si barua. Hata risiti ya duka ina maneno zaidi. Nimegeuza karatasi nyuma nikidhani umeandika upande wa pili.

Najua unanificha na wewe unajua kwamba najua. Sijakukasirikia. Niandikie hata kama mwandiko ni mbaya, hata kama ni malalamiko matupu. Khaemba nimemwambia asiondoke Matisi bila bahasha.

Tata


Matisi, Kitale
20 Julai 2025

Tata,

Leo sitaanza na salamu, utanisamehe.

Matokeo ya majaribio yametoka. Fizikia nimepata D. Karatasi ya nadharia ilikuwa ya kujikongoja, lakini ile ya vitendo ndiyo iliyoniua. Mikono ilitetemeka mpaka nikaangusha waya, nikaokota, nikaangusha tena. Nilisoma kipimo kimoja mara nyingi na kila mara kilikuwa tofauti. Mwalimu wa Kemia aliyekuwa akinisimamia aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Mwalimu mkuu alinipa karatasi yangu ikiwa imekunjwa, na ningefurahi zaidi angenigombeza.

Kitambaa si cha baridi. Nywele zinatoka hapa mbele. Mama anajua, amenipaka mafuta na kunikataza nisimwambie Baba.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilijilaza kidogo kitandani. Nikasikia hatua za Baba. Nilishuka haraka nikaingia chini ya kitanda, nikajifanya natafuta kalamu. Aliniuliza, "Umeipata?" Nikasema bado. Akaenda zake. Na mimi sikutoka, Tata, nilisinzia hukohuko chini, juu ya saruji. Nilipoamka nilijichukia.

Nadhani kuna majina ambayo mtu hapaswi kupewa kama hana nguvu zake. Cucu alipalilia shamba zima peke yake, mimi nimeshindwa na waya. Siku ya Fizikia ikifika nitabaki nyumbani. Sijamwambia Baba. Ukimwambia kabla yangu sitakulaumu.

Nduta


Bungoma
24 Julai 2025

Nduta, mwanangu,

Leo sikuiti Mama. Leo wewe ni mtoto na mimi ni Tata yako, na nitakueleza jambo ambalo nimelimeza tangu nikiwa msichana. Umeniuliza tangu mvua hazijaanza nami nikakukwepa. Nilidhani nalinda heshima ya mama yangu.

Mwaka ule wa palizi, Cucu yako hakupalilia hata mstari mmoja.

Baba yetu alikuwa kazini Thika, anakuja Krismasi. Mama ndiye aliyeng'oa visiki vya shamba lile la Kwanza, ndiye aliyekamua ng'ombe, ndiye aliyetubeba sisi. Miaka ya kwanza hakupumzika kweli, hapo baba yako hadanganyi. Kisha asubuhi moja, mahindi yakiwa yamefika magotini kama yale uliyoniandikia Juni, alikaa kitandani kuvaa gambuti. Akavaa ya kwanza. Ya pili akaishika mkononi. Nilienda kisimani nikarudi, nikamkuta vilevile. Nikamwita, akaniangalia kama mtu aliye mbali sana, akasema, "Nyaruai, siwezi." Akalala na gambuti moja mguuni. Kutoka siku hiyo hakuenda shambani tena mpaka mavuno.

Nilikimbia kwa jirani, mama Chepkemei, mama wa Kisabaot ambaye hata lugha hatukuelewana vizuri. Alikuja, akaangalia, hakuuliza kitu. Alimchukua baba yako akaishi na watoto wake, akaambiwa Mama amebanwa na palizi. Ndiko alikojifunzia Kisabaot. Hakudanganya alipokuambia utotoni.

Sasa hofu ilikuwa shamba. Tuliingia pale pamoja na familia nyingine za kwetu, na kamati ya kugawa mashamba ilikuwa na sheria yake: shamba lililoachwa magugu hupewa mwingine. Basi akina mama wa kanisa wakakubaliana. Kila mmoja akienda kwake asubuhi alipitia kwetu kwanza na jembe lake, akalima mistari michache, akaendelea na safari. Hakuna aliyewapanga foleni. Kamati ilipokuja kukagua ilikuta shamba safi kuliko mashamba yote. Wakauliza nani amepalilia. Akina mama wakajibu, "Nduta." Na nani mwingine? "Peke yake." Nilikuwa nimesimama pale. Hakuna aliyecheka.

Hadithi ikatoka kwa kamati ikaingia sokoni, ikaenda kanisani, na baba yako aliporudi nyumbani aliikuta imeshakomaa. Nani angemwambia mtoto vingine? Mama mwenyewe alinishika mkono akasema tuiache hivyo. Ninaona sasa alikuwa anaona haya, na hakukuwa na haya yoyote pale. Alichoka. Hata mashine ya baba yako huzimwa ipoe.

Aliinuka vipi? Hilo ndilo ulilotakiwa kuuliza. Chepkemei alikuwa anakuja kila siku na beseni moja la mahindi ya kupukuchua. Wanakaa mlangoni, wanapukuchua. Beseni likiisha, Chepkemei anajitwika na kwenda. Kuna siku Mama alisema, "Leta lingine, leo nina nguvu." Chepkemei akakataa. Akasema nguvu hizo alale nazo. Ndivyo alivyorudi, kidogo kidogo, mpaka mwaka uliofuata akapalilia kweli, na hata wakati huo alilala kila mchana chini ya ghala, mimi nikiwa mlinzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Shule zikifungwa Agosti, panda uje Bungoma. Wekoye atakufungulia maabara asubuhi, nimeshaongea naye, na mwalimu mkuu wao amekubali. Utasoma beseni moja kwa siku, na likiisha nitakunyang'anya vitabu. Baba yako nitampigia mimi mwenyewe na nitamweleza yote, ni haki yake.

Na kama hutaki Fizikia tena, iache. Nitakuja Kitale nikusaidie kuiacha, na hakuna atakayekusema nikiwa nimekaa pale. Lakini usiiache kwa sababu ya mwanamke aliyepalilia shamba zima peke yake. Huyo hakuwahi kuwepo.

Nakupenda, na nakuheshimu kuliko unavyojua.

Tata Nyaruai


Matisi, Kitale
14 Septemba 2025

Tata yangu,

Salamu kwako na kwa mzee wa mafua. Mwambie nimekumbuka vile alivyokuwa akinizimia redio mchana ili nilale, akijifanya betri zimeisha.

Nashukuru kwa Agosti. Mikononi mwa Wekoye nimejifunza kitu ambacho hakimo kitabuni: anapotaka kupima, kwanza anaweka kila kitu chini, anapangusa mikono kwenye lile koti ulilomshonea, ndipo anaanza. Siku ya kwanza niliangusha waya akasema, "Wacha irare hapo kwanza, haina haraka." Nikacheka mpaka kutetemeka kukaniacha. Na wewe ulivyosimama mlangoni adhuhuri na mkono umeunyoosha udai vitabu, wanafunzi wengine walidhani wewe ni mkaguzi.

Huku mambo yamebadilika na sijui nikuelezeje. Ulipompigia Baba, siku nzima hata wateja alikuwa akiwaashiria kwa mkono. Jumapili akavaa koti, akachukua sukari na majani ya chai, akaenda Kwanza kumwona Chepkemei. Anasema amezeeka sana, macho hayaoni vizuri, lakini alimshika kichwa akamwita kwa lile jina alilompa utotoni. Hajatuambia jina hilo ni lipi. Aliporudi alikula akalala.

Jumatano nilimaliza beseni langu mapema, nikajilaza. Sikuingia chini ya kitanda. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida, halafu ikanyamaza, nikadhani umeme umepotea. Nilipochungulia dirishani niliona wateja wamepanga madebe na Baba amesimama mbele yao, kidole mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akinong'ona. "Mtusubiri kidogo. Mtoto amelala."

Nywele zimeanza kurudi, fupi na laini kama za kifaranga. Nitaufanya mtihani.

Wako,
Nduta


Bungoma
12 Oktoba 2025

Nduta wangu,

Tuko salama, na kazi ya sare za mwaka ujao imeanza.

Sina ushauri mpya. Nataka tu uingie kwenye chumba hicho ukijua hili. Nimewaona watu wengi wanaojua vitu, kwa sababu walifundishwa, na ni jambo jema. Wewe ulikaa na kitabu kisichokujibu, ukakiuliza mpaka kikakujibu. Kisha ukaanguka, na ukakubali kuinuliwa, jambo ambalo kwa watu wa ukoo wetu ni gumu kuliko hiyo Fizikia yenyewe. Sitakuuliza umepata nini. Nitakuuliza umekula nini.

Tata


Matisi, Kitale
16 Novemba 2025

Tata mpendwa,

Nimekula ugali na kuku. Sasa nikusimulie.

Karatasi ya Fizikia ya vitendo ilifanyika kwenye maabara yetu, ile waliyokuwa wameijaza madawati mabovu. Yalitolewa yote kwa ajili yangu. Meza moja, kiti kimoja, vyombo vya mtu mmoja. Msimamizi alikuwepo, mwalimu wa kusaidia alikuwepo, na mlangoni askari na bunduki yake, wote wakimlinda msichana mmoja asiibe majibu kutoka kwa nani sijui.

Nilipogusa waya mikono ikaanza ile kazi yake. Nikaweka kila kitu chini. Nikapangusa viganja kwenye sketi, nikaviweka juu ya meza, nikafumba macho nikakaa. Nilikaa sana. Nilipofumbua, askari alikuwa ameshavua kofia, amedhani naomba. Nikaanza. Sindano ilikwenda nilikojua itakwenda.

Kuna swali moja la nadharia nililoliacha wazi kabisa. Silijui, na mwaka wote sikulielewa, na nililipita bila kulia. Mengine niliyajibu kama mtu anayeelekeza mgeni njia ya kwao.

Nilipotoka nilimkuta mwalimu mkuu nje, amesimama na mwavuli. Alisema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akanitembeza mpaka langoni chini ya mwavuli wake.

Wako,
Nduta


Matisi, Kitale
25 Januari 2026

Tata yangu Nyaruai,

Simu ninayo na matokeo nilikupigia, ukanipigia kelele mpaka Khaemba akakunyang'anya simu aulize nani amekufa. Lakini mengine hayafai kwa simu. Mama hajambo. Baba anawaambia wateja kuhusu C+ yangu ya Fizikia, na kila akiitaja inakaribia kuwa A. Ni C+, Tata, iko palepale mlangoni, lakini kwa uhandisi yatosha kuingia. Anaongeza siku hizi kwamba nilisaidiwa na watu wa Bungoma, na anawataja kwa majina.

Juma lililopita mwalimu mkuu alikuja hapa kwetu kwa miguu yake. Nilidhani ameleta cheti. Alikaa, akanywa chai, akasifu unga. Kisha akasema mwalimu wa Fizikia bado hajapatikana, na mwaka jana alitarajia somo life nami nikiondoka. Lakini wale waliokuwa kidato cha pili walipotakiwa kuchagua masomo, wasichana wanne na mvulana mmoja wameandika Fizikia. Aliwaita mmoja mmoja kuwakanya. Aliwauliza mtafundishwa na nani. Wote walimpa jibu moja, kwamba kuna mtu aliwahi kujifundisha.

"Chuo chako hakifunguliwi mpaka Septemba," akaniambia. "Njoo uwe nao mpaka hapo. Siwezi kuwaacha wafanye ulivyofanya wewe. Ulifanya vizuri, Nduta, lakini haikufaa ulazimike kufanya hivyo peke yako."

Nilikubali kabla chai haijapoa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilikuwa nimevaa ile sketi ya kijivu uliyonishonea, na chaki mkononi ilikuwa imeshalowa jasho. Nikasukuma mlango wa darasa la kidato cha tatu, nikaingia. Wale watoto wakasimama wote kwa pamoja, wamenyooka. Nami nikageuka haraka kuangalia ni mwalimu gani anayekuja nyuma yangu.

Ni mimi,
Nduta